Siku niliyopinda ruufu ya Mjomba

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliandika kabla ya kwenda BTP, nikaahidi kila Jumapili nitawaletea habari za huko, matokeo yake mmekaa miezi mnachungulia ukurasa ule ule. Mnisamehe jamani. Kule nilikopangiwa kufundisha, kupata mtandao mpaka upande kichuguu, halafu maandalio ya somo yalikuwa yananimaliza. Sasa nimerudi chuo, niko mwaka wa tatu, chumba kile kile, mwenzangu wa chumbani yule yule, na anakoroma vile vile.

Leo sitaki kuandika habari za BTP, ingawa mwishoni itaingia tu. Nataka niwasimulie kitu kilichotokea likizoni, mwishoni mwa Septemba, kabla hatujafungua. Sijamsimulia mtu hapa chuo kwa sababu ni aibu. Lakini kimenikaa kichwani, na nikiwa na kitu kichwani nashindwa kusoma, kwa hiyo bora nikitapike hapa.

Mjomba wangu ni dereva wa watalii. Anaishi Nkoaranga, ukitokea Usa River unapanda juu kidogo kuelekea mlimani, kwenye migomba na kahawa. Ana gari moja tu, Land Cruiser ya safari. Kama umekaa Arusha wiki moja hizi gari unazijua. Ni zile za familia ya 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984 na mpaka leo bado inauzwa. Zikifika hapa mjini mafundi wanakata chasi, wanaiunga iwe ndefu, wanarefusha na bodi, wanapanga viti, kila mgeni na dirisha lake. Halafu kinachofanya iitwe gari ya safari kweli ni paa. Linakatwa lile la kiwandani, linawekwa la kunyanyuka. Mafundi wanaliita ruufu.

Miundo ya ruufu iko mingi, ya Mjomba ni kipande kimoja kirefu cha faiba juu ya fremu ya bomba za mraba. Kwenye kona nne kuna miguu ya chuma inayokunjika katikati kama goti. Kuna shokapu ndogo za gesi za kusaidia kubeba uzito. Kuzunguka uwazi wote kuna raba ya kuzuia vumbi na mvua. Unafungua makomeo, unasimama kwenye kiti, unasukuma upande wa mbele, magoti yananyooka, unachomeka pini, unahamia nyuma unafanya vile vile. Dakika moja kazi imekwisha, wageni wanasimama, vichwa nje, kivuli juu yao.

Sasa ruufu ikigoma, hakuna safari hapo. Mtu hajatoka Ujerumani mpaka Serengeti kuja kumwangalia simba kupitia kioo cha vumbi. Na ikigoma kufunga ni balaa zaidi. Februari Mjomba alikuwa Ndutu, wakati wa nyumbu kuzaa, ruufu ikafunguka vizuri halafu ikakataa kushuka upande wa mbele. Mvua ikaja. Alirudi kambini ameifunga kwa kamba, wageni wamejifunika mablanketi ya Kimasai, maji yanaingia kila pembe. Anaisimulia anacheka, lakini siku ile sidhani kama alicheka.

Kuanzia hapo ikawa na tabia ya kugoma. Leo inafunguka kama mlango wa jokofu, kesho inakwama kona ya mbele kulia mpaka uipige ngumi. Mjomba akapaka grisi. Ikawa nzuri siku mbili, ikarudia. Akaongeza grisi. Mnajua vumbi la njia ya Serengeti, ukishapita geti la Lodoare na kuanza kushuka kwenye nyanda? Ni majivu ya volkano za kale za Ngorongoro, laini kama unga wa sembe. Likikutana na grisi linakuwa kitu kama msasa wa kupaka. Hilo nimekuja kulijua baadaye.

Niwaambie na kilichokuwa mezani, msije mkadhani nahangaika na paa la gari tu. Mjomba anaikodisha gari kwa makampuni na yeye mwenyewe ndiye anaendesha. Hela ya mwaka anaiokota kuanzia Julai mpaka Oktoba. Masika ikiingia anakaa nyumbani anapalilia migomba. Mimi Bodi ya Mikopo ilinipa sehemu, na ile sehemu nyingine ya ada inatoka kwenye hiyo gari. Sina baba wa kumpigia simu. Kwa hiyo nikisema ruufu ya Mjomba, nyie someni ada ya muhula wa kwanza.

Basi siku hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi Mjomba alitakiwa awe mjini, kampuni waikague gari, wapakie wageni, siku sita: Tarangire, Serengeti, Ngorongoro. Asubuhi alienda Tengeru kununua vitu, akaacha gari uani. Mimi na dogo mmoja wa jirani, ambaye huwa anamsaidia Mjomba kuosha, tukapewa kazi ya kusafisha ndani na nje. Dogo aliishia kidato cha pili, anasubiri akue kidogo apate mahali pa kujifunza udereva. Mpole, mchapakazi, kuliko mimi.

Saa nane hivi dogo akajaribu kufungua ruufu apanguse raba. Mbele kushoto ikapanda. Mbele kulia ikagoma. Akaniita. "Bro, imekwama tena." Nikapanda kwenye kiti, nikasukuma, wapi. Dogo akasema tumsubiri Mjomba. Nikamwambia subiri kwanza, wewe unaongea na mwalimu wa Fizikia.

Jamani. Mwalimu wa Fizikia. Wiki mbili kabla nilikuwa nimesimama mbele ya kidato cha pili nawafundisha kanuni ya momenti, nyenzo, egemeo, nguvu, mzigo. Kichwa kilikuwa bado kina joto.

Nikachukua simu nitafute. Nikaandika "paa la gari limekwama", nikajaribu na Kiingereza, nikaletewa mambo ya Wamarekani. Kumbe kule wana nyumba za kukokotwa nyuma ya gari, mpaka na chumba kinachochomoka ubavuni kama droo ya kabati, unafika porini unabonyeza kitufe, sebule inaongezeka. Na chumba hicho nacho kinakwama! Nikasoma haraka haraka. Mwanzoni kabisa walisema hakikisha gari limesimama sawa, ardhi iwe tambarare. Nikairuka, nikaona hayo ni maneno ya utangulizi. Wakasema usilazimishe. Nikairuka na hiyo. Nikafika mahali panapoongelea mota kukosa nguvu, nikasema eeh, hapo sasa! Tatizo ni nguvu.

Nikatoa jeki ya chupa, ile ya tani mbili. Nikaweka gogo sakafuni, jeki juu yake, kipande cha mbao mpaka kwenye fremu ya ruufu kona ya kulia. Dogo akasema, "Bro, Mjomba huwa hafanyi hivyo." Nikapampu. Moja, mbili, tatu. Ikalia kidogo. Nne. Ikatoa mlio kama fimbo kavu ikivunjika, mbao ikaruka, ikapita karibu na sikio langu.

Goti la mguu wa mbele kulia lilikuwa limepinda kwenda ubavuni. Pini ya bawaba imekatika nusu. Na ruufu haikupanda hata inchi moja.

Sijui kama mmewahi kusikia baridi inaanzia kwenye magoti. Tuliishusha ile kona ya kushoto kwa shida, tukafunga makomeo matatu, la nne halikufika. Jeki nikairudisha. Dogo hakusema kitu, akaendelea kuosha magurudumu ambayo alikuwa ameshayaosha.

Mjomba aliporudi alijaribu ruufu, akaona mguu. Akatoka nje, akamwangalia dogo. "We ulipanda juu ya ruufu kuosha?" Dogo akaniangalia mimi. Sekunde mbili tatu hivi. Halafu akasema, "Samahani Mjomba." Hakusema amepanda. Hakusema hajapanda. Mjomba akamwambia arudi kwao, wataongea akitoka safari.

Na mimi nilikuwepo pale. Nimeshika kitambaa. Sikusema kitu.

Saa kumi tukawa barabarani kwenda mjini, mimi na Mjomba. Kutoka Usa River mpaka Tengeru njia ni moja, malori, vifodi, bodaboda, halafu Tengeru zinaanza njia nne gari zinapumua. Mlima Meru ulikuwa wazi juu kabisa, jua la jioni linaupiga ubavuni. Siku nyingine Mjomba angenionyesha kitu. Siku hiyo alisema mara moja tu: "Wale wakiona ruufu haifunguki, kesho wanachukua gari nyingine. Na wakishachukua nyingine, hawakukumbuki tena." Nikajibu "ndiyo Mjomba." Nilihesabu nguzo za umeme mpaka Kijenge.

Gereji yenyewe iko Unga Limited, ndani ndani. Fundi ni mzee wa miaka kama sitini na, kila mtu anamwita Babu. Sakafu ya gereji ni zege, imenyooka, na hilo kumbukeni. "Shikamoo Babu." "Marahaba, mwalimu." Mjomba alishamtangazia kila mtu kwamba mimi ni mwalimu.

Babu akapanda, akaangalia mguu, akapitisha kidole kwenye bawaba, akanusa ile grisi iliyochanganyika na vumbi, akakunja uso. Akasema mguu umepinda, ndio unaobana, tutaunyoosha tuweke na pini mpya. Mjomba akasema ni dogo wa jirani huyo, alipanda juu. Babu akaguna.

Kazi ikafanyika. Mguu ukafunguliwa, ukapashwa moto, ukanyooshwa kwenye fuawe. Pini mpya ikakatwa kutoka kwenye bolti ya milimita kumi. Bawaba zote nne zikaoshwa kwa petroli na mswaki mpaka chuma kikaonekana. Nikategemea watapaka grisi, Babu akakataa. Akatoa mshumaa mfukoni, akasugua nta kwenye maungio. "Grisi ni ya mahali palipofungwa," akasema. "Hapa ni wazi, grisi inakaribisha vumbi, vumbi linakula chuma." Kwenye raba akapaka poda ya mtoto. Raba yenyewe ilikuwa imevimba na kunata kwa sababu ya ile grisi, akasema mafuta na raba havikai pamoja.

Saa kumi na mbili na nusu wakarudisha mguu. Mjomba akasukuma. Ruufu ikapanda kama karatasi. Ikashuka. Ikapanda. Mjomba alicheka kwa mara ya kwanza tangu mchana, akaingiza mkono mfukoni kutoa hela.

Hapo ndo pagumu. Kila kitu kilikuwa kimekwisha, wadau. Ruufu inafanya kazi, safari ipo, ada ipo, mkosaji amepatikana na wala hakubisha. Ningekaa kimya dakika tano zaidi ingekuwa historia. Nami niliamua kukaa kimya, siwadanganyi. Kilichonisukuma haikuwa wema, ilikuwa ni kitu kidogo ambacho kilikuwa kinanisumbua kichwani: Babu amesema mguu uliopinda ndio uliokuwa unabana. Lakini ruufu ilikwama kabla mguu haujapinda. Ilikwama Februari. Nilikuwa najua jambo ambalo Babu halijui, na yeye anafunga kazi kwa sababu halijui.

Nikasema, "Babu, ule mguu niliupinda mimi. Leo saa nane, kwa jeki. Ilikuwa imeshakwama tayari."

Mjomba mkono wake ukabaki mfukoni. Hakusema neno. Afadhali angenitukana.

Babu yeye hata hakuniangalia usoni. Aliweka spana chini, akakaa kwenye tairi, akauliza kama daktari: "Ilikwama gari ikiwa imesimama wapi?"

"Uani kwa Mjomba."

"Uani pakoje?"

Pakoje? Nkoaranga ni mteremko wa mlima, uani kwetu hata mpira haukai. Ukiegesha gari inavyoegeshwa siku zote, upande wa kushoto uko chini. Babu akamgeukia Mjomba. "Na Ndutu?" Mjomba akafikiri. Ndutu alikuwa amejibanza pembeni kupisha gari nyingine. "Na mara nyingine zile?" Pembeni. Pembeni. Sisi tunaendesha kushoto, ukijibanza pembeni magurudumu ya kushoto ndiyo yanashuka kwenye mtaro. Ukiwa katikati ya barabara, au hapa gerejini kwenye zege, ruufu haina tatizo.

Babu akamwambia kijana wake alete kigogo. Mjomba akapandisha gurudumu la nyuma kulia juu yake, gari ikainama kushoto. "Haya, fungua sasa." Nikapanda mimi. Mbele kushoto ikaja. Mbele kulia ikagoma. Pini mpya, mguu ulionyooka, nta ya mshumaa, na bado imegoma pale pale.

Kampuni wangeikagua kwenye uwanja wao wa lami, ingefunguka vizuri, wangesema safi sana. Na ingekwama Tarangire mbele ya tembo wa kwanza.

Babu akachukua futi, akapima uwazi wa ruufu kona kwa kona, kutoka mbele kulia kwenda nyuma kushoto, halafu mbele kushoto kwenda nyuma kulia. Kwenye zege vipimo viwili vilikuwa karibu sawa. Kwenye kigogo vilipishana sentimita moja na nusu. Kwa mstatili, ulalo mmoja ukizidi mwingine ujue pembe si mraba tena. Hilo hata kidato cha pili wanalijua. Mimi nina futi nyumbani, na halikunijia kichwani.

Kuna kitu alifanya sitasahau. Alitoa kiberiti mfukoni, akasukuma kile kidroo cha njiti, kikatoka. Akabonyeza kona moja ya boksi kwa kidole gumba, boksi likalalia upande, akanipa nisukume tena. Kidroo kikagoma, na kiligoma upande wa pili, si pale kidole kilipo. "Ukiangalia kinapokwama," akasema, "utapiga nyundo mahali pazima."

Tukaingia chini ya gari na tochi. Bodi ya hizi gari haikai moja kwa moja juu ya chasi, kuna raba nene katikati, kila moja na bolti yake, zinazuia mitikisiko. Raba ya nyuma kushoto ilikuwa imekufa. Imepasuka, nusu imeshatoka, bolti inacheza. Gari ikisimama sawa bodi inatulia mahali pake. Ikilalia kushoto, kona ile ya bodi inashuka, bodi nzima inajipinda, na kwa kuwa gari limerefushwa kujipinda kwenyewe kunaonekana zaidi. Miguu ya mbele kulia inabanwa. Miezi saba grisi ilikuwa inapakwa mbele kulia juu, ugonjwa uko nyuma kushoto chini.

Raba mpya ya aina ile usiku ule haikupatikana. Kijana wa Babu akazunguka kwa wauza vifaa vilivyotumika, akarudi na moja nzima. Wakanyanyua bodi kwa jeki (jeki hiyo hiyo, jamani, ila sasa iko mikononi mwa watu), wakaitoa ya zamani vipande vipande, wakaweka nyingine, wakakaza na zile zingine zote. Saa tatu usiku tukarudi kwenye kigogo. Ruufu ikapanda. Wakahamisha kigogo gurudumu jingine. Ikapanda. Yote manne.

Mjomba akalipa. Babu akaniambia, "Mwalimu, fundi anadanganywa na chuma kila siku, nimezoea. Nikidanganywa na mtu, ndio natengeneza kitu kingine." Hapo nikaelewa kwamba hakuwa amekasirika. Alikuwa ananipa maelezo ya kazi tu.

Kurudi tulikuwa kimya mpaka Tengeru. Mjomba akasimama kununua mahindi ya kuchoma, akanipa moja, akasema, "Kesho nikiondoka, wewe ndiye utaenda kwao dogo. Si mimi." Basi. Mpaka leo hajarudia tena hiyo habari, na ada ameilipa.

Nilienda saa moja asubuhi. Dogo alikuwa anakatia ng'ombe majani ya migomba. Nikamwambia kila kitu, mbele ya mama yake, kwa sababu mama yake alishaambiwa kwamba mtoto wake kaharibu gari ya watu. Nikamuuliza kwa nini hukusema ni mimi. Akasema, "Wewe ndo unasoma. Mjomba akikukasirikia wewe ni hasara kubwa." Alivyosema hivyo nilitamani ardhi ipasuke. Sikuwa na jibu na mpaka sasa sina.

Sasa BTP. Nilipofika nyumbani nikafungua begi, nikakuta karatasi za testi za kidato cha pili ambazo nilisahau kuzirudisha. Kuna kijana mmoja alikuwa ananishinda kabisa kwenye momenti. Kila nikimwita ubaoni anasimama kama mti. Na mimi nikawa nampampu: swali jingine, jingine, simama mpaka upate. Karatasi yake niliandika kwa kalamu nyekundu "Ongeza bidii". Asubuhi ile nikaisoma upya polepole. Mchoro sahihi. Kanuni sahihi. Namba kaweka mahali pake. Maswali yote matano anafika mstari ule ule anakwama: kugawanya sehemu. Somo la shule ya msingi. Momenti anaielewa vizuri kabisa, na mimi nilikuwa naweka jeki mbele kulia.

BTP imeisha, siwezi kurudi pale. Nimempigia mwalimu wa somo, nikamweleza. Amesema ataangalia, ila ana mikondo mitatu peke yake, na mimi namjua hali yake. Sijui kama ataangalia.

Kwa wale wenye wazazi au wajomba wenye gari za safari, niwaachie haya ya bure. Ruufu ikikwama usilazimishe, na jeki iache mahali pake. Kwanza sogeza gari mahali tambarare ujaribu tena. Ikifunguka hapo, shida haiko kwenye ruufu, iko chini: raba za bodi, springi, maungio ya chasi. Pima ulalo kwa ulalo. Isipofunguka hata pale tambarare, safisha bawaba mpaka chuma kionekane, angalia miguu kama imenyooka na shokapu za gesi kama bado zina nguvu pande zote mbili, maana moja ikichoka upande mmoja unapanda peke yake. Nta kwenye bawaba, poda kwenye raba, grisi peleka kwingine. Na ukienda kwa fundi mwambie yote uliyoyafanya, hasa lile usilotaka kumwambia.

Niishie hapa, kesho asubuhi nina testi ya Saikolojia ya Elimu na sijagusa hata ukurasa. Mkinikuta kijiweni msiniite fundi. Na mkiwa na kitu mlichowahi kukipinda mkanyamaza, mniandikie, nijue siko peke yangu.

Tuko pamoja.